Shampiona ikikatika nchi inapoteza nini? Somo kutoka Kindu



Tarehe 26 Novemba 2024, AS Maniema Union, timu ya mji wetu wa Kindu, ilicheza kule Pretoria na Mamelodi Sundowns. Ilikuwa mechi ya kwanza ya makundi katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Sundowns ni klabu yenye makuta mingi na wachezaji wa kimataifa karibu kila fasi uwanjani. Mechi iliisha 0-0. Usiku ule Kindu ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini mechi zetu za "nyumbani" katika kundi lile hazikuchezwa Kindu. Zilichezwa Kinshasa, kwenye Uwanja wa Martyrs, zaidi ya kilometa 1,100 kutoka hapa kwa ndege. Shabiki wa Mikelenge au Alunguli alifuata timu yake kwa redio na kwa simu. Na mwisho wa kundi, nyuma ya FAR Rabat, Sundowns na Raja Casablanca, tulikuwa wa nne.

Mambo hayo mawili yananipa swali la leo. Timu inayoweza kuizuia Sundowns kwao ilitengenezwa na nini? Na kitu gani kilikosekana hata mji wake ukashindwa kuipokea? Jibu langu ni moja kwa maswali yote mawili: shampiona ya taifa, ile ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita ligi kuu. Ikitembea vizuri, inatengeneza mchezo. Ikitembea kwa kusimama-simama, kila kitu kinachoitegemea kinabaki nusu.

1. SHAMPIONA NI KALENDA, SI KOMBE

Wengi wetu tukisikia "shampiona" tunafikiria kombe na nani atalibeba. Kombe ni kitu cha siku moja. Mimi naona shampiona ni kalenda kwanza: ahadi kwamba kila wiki, kwa miezi tisa au kumi, kutakuwa mechi, na kila mechi itahesabiwa mpaka mwisho.

Ahadi hiyo njo inawalazimisha watu kufanya kazi. Kocha anajua ana siku sita za kurekebisha makosa ya siku ya yenga. Daktari wa timu anajua aliyeumia goti ana wiki ngapi za kupona. Mwenye uwanja anajua lazima majani yakatwe kabla ya mechi ijayo. Mweka hazina anajua tiketi za ndege zinalipwa lini. Ondoa kalenda, na wote hao watakaa wakisubiri simu kutoka Kinshasa.

Shampiona ni ngazi pia. Kijana anaanza katika timu ya mtaa, anaingia klabu ya entente ya mji, klabu ikishinda inapanda ligi ya jimbo, halafu divisheni ya pili ya taifa, halafu Linafoot. Ukimaliza Linafoot katika nafasi za juu, unaenda CAF. Maniema Union ilifika Pretoria kwa njia hiyo hiyo: msimu wa 2023-2024 ilimaliza ya pili, nyuma ya TP Mazembe. Hakuna aliyewapa nafasi ile kama zawadi. Waliihesabu pointi kwa pointi.

2. SHAMPIONA INAKUZA NINI?

Kwanza, inakuza wachezaji kwa kuwarudisha uwanjani mara nyingi. Kipaji ni kama mbegu; mazoezi peke yake hayatoshi. Beki anajifunza kusoma mshambuliaji akikutana naye kwenye mechi yenye pointi, mbele ya watu, akiwa amechoka. Akipata mechi ishirini na tano kwa mwaka, atakuwa mtu mwingine. Akipata sita, halafu miezi minne ya kukaa, atarudi alipoanzia.

Pili, inachagua kwa haki. Katika nchi kubwa kama yetu, yenye kilometa za mraba zaidi ya milioni 2.3, kocha wa timu ya taifa hawezi kutembelea kila mji. Bila shampiona, atachagua wale aliowaona au wale walioletwa na mtu anayemjua. Shampiona inamleta kijana wa Kindu mbele ya macho ya nchi nzima bila kuomba ruhusa ya mkubwa yeyote.

Tatu, inakuza kazi nyingine ambazo hatuzitazami. Waamuzi, kwa mfano. Jean-Jacques Ndala, Mkongomani mwenzetu, njo aliyechezesha fainali ya Kombe la Afrika kule Rabat mnamo Januari 2026. Mwamuzi hazaliwi akichezesha fainali. Anapanda polepole kupitia mechi za nchi yake, akitukanwa, akisahihishwa, akirudi wiki inayofuata. Ndivyo ilivyo kwa makocha, waandishi wa michezo, wauguzi na makatibu wa klabu. Shampiona ni shule yao, na msimu ukifungwa katikati, shule yao imefungwa pia.

Nne, inaunganisha nchi. Barabara haitufikishi Lubumbashi kirahisi, na treni ya SNCC kila mtu wa hapa anajua habari zake. Lakini jina la Kindu linasomwa Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kinshasa kila wiki ya shampiona. Kuna watu katika nchi hii waliojifunza kwamba kuna mji unaoitwa Kindu kwa sababu timu yao ilikuja kucheza hapa ikakuta kazi ngumu.

3. HISTORIA YETU INASEMA NINI?

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. TP Englebert, njo Mazembe ya leo, ilicheza fainali nne za klabu bingwa ya Afrika mfululizo, kutoka 1967 mpaka 1970, ikashinda 1967 na 1968. Vita Club ikashinda 1973. Katika miaka hiyo hiyo timu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika 1968 na 1974, na mwaka wa 1974 Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wote walioenda Ujerumani Magharibi walikuwa wa klabu za hapa nchini. Ndiyo, tulifungwa mechi zote tatu, na zile 9-0 za Yugoslavia zinakumbukwa mpaka leo. Lakini kufika kule kulitokana na klabu zilizokuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe, Kinshasa na Lubumbashi, mwaka baada ya mwaka.

Mfano wa karibu ni CHAN. Mashindano haya yana sheria moja inayoyafanya kuwa kipimo kizuri cha mada yetu: mchezaji lazima awe anacheza shampiona ya nchi yake mwenyewe. Hakuna wa Ulaya. Kongo ilishinda CHAN ya kwanza kabisa, 2009 kule Côte d'Ivoire, kwa kuifunga Ghana 2-0 katika fainali. Ikashinda tena 2016 kule Rwanda, 3-0 dhidi ya Mali, chini ya kocha Florent Ibenge. Katikati ya makombe hayo mawili, Mazembe ilishinda Ligi ya Mabingwa 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter ya Italia 3-0. Si bahati kwamba mambo hayo yalikuja pamoja. Klabu zikipata nguvu nyumbani, timu ya taifa ya wachezaji wa nyumbani inapata nguvu nayo.

4. "LAKINI LEOPARDS WENGI WANACHEZA ULAYA"

Hili njo pingamizi ninalolisikia sana, na lina uzito. Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Afrika iliyochezwa mwanzoni mwa 2024, na iliyoitoa Nigeria kwa penalti kule Rabat Novemba 2025 katika mchujo wa Kombe la Dunia, ina wachezaji wengi waliozaliwa au kukulia Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza. Basi mtu anauliza: Linafoot inatusaidia nini?

Jibu langu liko katika sehemu mbili.

Ya kwanza: tazama nani alisawazisha dhidi ya Nigeria usiku ule. Ni Meschack Elia. Alikuwa mchezaji bora wa CHAN 2016, akifunga magoli mawili katika fainali, na kabla ya kutoka nchini alikuwa wa Mazembe. Kutoka hapo alienda Young Boys ya Uswisi. Fiston Mayele naye alipita Vita Club, akaenda Yanga ya Tanzania 2021, halafu Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akashinda Ligi ya Mabingwa wa Afrika akiwa mfungaji bora. Kwa hiyo ngazi ya hapa nchini bado inapandisha watu, hata ikiwa na vipande vilivyooza.

Ya pili ni ngumu zaidi. Wale waliokulia Ulaya nao ni matunda ya shampiona, ila ni shampiona za wengine. Ubelgiji na Ufaransa ziliwapa timu za watoto, makocha, madaktari na mechi kila wiki. Sisi tunavuna tusipopanda. Ni ndugu zetu, tunawapenda, na waendelee kuja. Ila nchi inayotegemea shamba la jirani inaweza kuwa na timu nzuri bila kuwa na mchezo nyumbani. Timu ya taifa ni watu ishirini na tano hivi. Mchezo ni maelfu ya vijana, na hao wako Kasongo, Kalima, Punia na hapa Kindu. Hawana mtu wa kuwalea isipokuwa shampiona ya nchi yao.

5. MSIMU UKIKATIKA

Msimu wa 2022-2023 Linafoot haikufika mwisho. Makuta yalikosekana, mechi zikasimama, msimu ukafutwa, hakukuwa bingwa. Mwaka huo huo FIFA iliweka kamati ya kurekebisha shirikisho letu, FECOFA. Kwenye karatasi, msimu uliofutwa ni mstari mmoja tu: "hakuna bingwa". Kwa mchezaji ni kitu kingine.

Tupige hesabu. Kijana anayeingia timu kubwa akiwa na miaka 18 ana miaka mitatu au minne ya kuonekana. Akifika 23 bila kuonekana, wanunuzi wanamtafuta mdogo wake. Ukimfutia msimu mmoja, umemkata robo ya nafasi ya maisha yake. Hakuna anayemrudishia. Sisi wasomi tunalijua jambo hili vizuri: mwaka ukipotea chuoni kwa sababu ya mgomo, unajua uchungu wa kubaki katika darasa lile lile huku umri unaenda. Mwanafunzi angalau atarudi kukaa kwenye benchi akiwa na miaka 27. Mshambuliaji, mara nyingi, hapana.

Matokeo ya pili ni kwamba wazuri wanakimbia. Mwaka huo huo wa 2023, Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union akaenda Yanga, Dar es Salaam. Alifanya vizuri, na ningekuwa yeye ningeenda pia. Kuuza mchezaji si kosa. Shampiona nzuri huuza. Shida ni kama anaondoka juu ya kutafuta mechi za uhakika na mshahara wa uhakika, si juu ya kupanda ngazi.

Halafu kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Viwanja vya ndege vya miji ile vikafungwa. Klabu kama Dauphin Noir na Bukavu Dawa ziko katika miji hiyo. Hapa siwezi kulaumu kalenda. Watu waliokufa na waliokimbia ni msiba mkubwa kuliko mchezo wowote. Nasema tu kwamba shampiona ya taifa inahitaji taifa linalopitika, na sisi wa Maniema, jirani wa Kivu, tunalielewa hilo kuliko mtu wa mbali.

6. MAKUTA YANATOKA WAPI?

Gharama kubwa ya shampiona yetu iko angani. Timu ya Kindu haiwezi kupanda basi kwenda kucheza Lubumbashi. Njo maana kwa miaka kadhaa Linafoot iligawanywa kwa kanda, Mashariki, Magharibi na Kati-Kusini, na siku hizi huanza kwa makundi kabla ya play-off ya wakubwa. Ni akili nzuri ya kupunguza safari. Ila ina bei yake: timu inaweza kumaliza sehemu kubwa ya msimu bila kukutana na vigogo, na wale wasiofika play-off wanabaki na mechi chache sana.

Sasa tazama Tanzania. Mwaka 2021 shirikisho lao lilitia sahihi na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Klabu, hata ndogo, zikajua zitapata kiasi gani na lini, na mechi zikaonekana kila wiki. Hazikuwa mbinguni ghafla. Nazo zina malalamiko yao. Lakini Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF 2023, Simba ikafika 2025. Na wachezaji wetu wanapanda ndege kuelekea kule. Miaka ya nyuma klabu za Tanzania zilizitazama za Kongo kwa kuogopa. Kitu kilichogeuza mambo si damu wala urefu wa wachezaji. Ni kalenda yenye makuta nyuma yake.

Serikali yetu huchangia safari na gharama, na mara nyingi shampiona husubiri mchango huo ufike. Mchango wa serikali ni mzuri, lakini hauwezi kuwa moyo wa shampiona, kwa sababu serikali ina vita, mishahara na barabara za kulipia kwanza. Televisheni, makampuni ya simu, ya madini na ya vinywaji watalipa siku watakapoamini kwamba mechi iliyotangazwa itachezwa kweli, saa iliyotangazwa. Tunasema shampiona inasimama juu hakuna makuta. Ni kweli. Lakini pia makuta hayaji juu shampiona inasimama. Lazima mtu akate duara hilo, na fasi rahisi ya kulikata ni kwenye uaminifu wa ratiba na hesabu zinazoonekana.

7. NA SISI WASOMI?

Hapa njo nilitaka tufike. Tunadhani mchango wetu ni kushangilia na kubishana kwenye simu nani alikosea. Klabu na entente za jimbo letu zinahitaji vitu tunavyosomea.

Zinahitaji mtu wa hesabu anayeweza kuandika kitabu cha mapato ya mlangoni na matumizi ya safari, ambacho mfadhili atakisoma bila kucheka. Zinahitaji mtu wa sheria wa kuandika mikataba ya wachezaji vijana, ili klabu ilipwe mtoto wake akiuzwa, na mtoto naye asidhulumiwe. Zinahitaji wauguzi wanaojua kwamba kijana aliyegongwa kichwa hatakiwi kurudi uwanjani kwa kumwagiwa maji. Zinahitaji mtu wa informatika wa kuweka majina, tarehe za kuzaliwa, mechi na magoli ya kila mchezaji, kuanzia timu za watoto. CAF inapoangalia leseni ya klabu, inauliza karatasi kabla ya kuuliza magoli: uwanja, timu za vijana, fedha, usalama. Kama tunataka siku moja mechi ya makundi ichezwe Kindu, uwanja lazima ujengwe, ndiyo, lakini na faili lazima iandikwe.

Tena tusisahau dada zetu. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walishinda Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika kwa kuifunga FAR 1-0. Walifika pale kupitia shampiona ya wanawake ya hapa. Ni timu ngapi za wasichana zinacheza mechi za kila wiki katika mitaa yetu mitatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli? Michezo mingine nayo iko vilevile: voliboli, basketi, judo, riadha. Shampiona inayofanyika mwaka makuta yakipatikana, na kusahaulika miaka miwili, haikuzi mtu. Afadhali shampiona ndogo ya mji yenye timu sita inayomalizika kila mwaka kuliko kubwa ya taifa inayokufa katikati.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kila mmoja wetu anayetafuta stage au mada ya kazi ya mwisho wa masomo, achukue klabu moja au entente moja ya eneo lake. Ahesabu mechi zilizopangwa msimu uliopita, zilizochezwa, na zilizokosa kuchezwa, na kila moja sababu yake: ndege, mvua, makuta, mwamuzi hakufika. Tukiwa na karatasi kumi za namna hiyo kutoka Kindu, Kasongo, Kibombo, Lubutu na kwingineko, tutaweza kuongea na gavana, na FECOFA, na makampuni, tukiwa na kitu mkononi.

Maniema Union imeonyesha kwamba mji usio na barabara nzuri unaweza kusimama mbele ya Sundowns. Walifanya hivyo wakitoka katika shampiona ambayo msimu mmoja nyuma yake ulikuwa umefutwa. Fikirieni wangefika wapi kama nyuma yao kungekuwa misimu kumi iliyomalizika.

Aliye na hesabu ya msimu wa eneo lake, hata kama ni kwenye daftari, ailete tuanze nayo.